Ukiona Vyaelea, Vimeundwa



Wiki mbili zilizopita, jioni ya Jumamosi, alinijia nyumbani mpwa wangu ambaye kazi yake ni ufundi wa magari. Baada ya kunipa shikamoo nami kumwitikia, hakungoja hata chai iletwe. Alitoa simu yake mfukoni akanionyesha picha za gari moja la ajabu. Bodi yake ilikuwa ya kale, mfano wa magari yaliyokuwapo wakati wa ujana wa babu zetu. Paa lilikuwa limeshushwa hata madirisha yakawa membamba kama macho ya mtu anayesinzia. Madigadi hayakuwapo, magurudumu yalikuwa wazi, na mbele ilionekana injini kubwa isiyofunikwa kwa boneti.

"Mjomba," akaniambia, "gari hili limeundwa na mtu mmoja nyumbani kwake huko California, tena katika banda la kulazia gari tu. Kama yeye ameweza, mimi nitashindwa na nini? Tayari nimekwisha pata injini kubwa ya kutia katika kile kigari changu."

Nami nikamwuliza neno moja tu: "Je, na breki umekwisha pata?"

Akacheka, akidhani namfanyia utani. Sikuwa na utani. Nilimkalisha chini tukazungumza hata adhana ya isha, na mazungumzo hayo ndiyo ninayokuletea leo, ewe msomaji, kwani naamini si mpwa wangu peke yake mwenye hamu ya namna hiyo. Nyumba nyingi za mjini zina kijana, au hata baba mtu mzima, ambaye ana gari bovu uani na ndoto kubwa kichwani. Ndoto hiyo si mbaya. Ila inayo taratibu yake, na anayeivunja taratibu hiyo hulipa kwa fedha, au kwa kiungo cha mwili, au kwa uhai wa mtu mwingine asiyehusika.

UHABA NDIO ULIOZAA UFUNDI

Magari haya Wamarekani huyaita "hot rod", nasi hapa tuyaite hotirodi. Asili yake ni kusini mwa California, katika miaka ya 1920 na 1930. Kampuni ya Ford ilikuwa imeunda gari lake la Model T tangu mwaka 1908 hadi 1927, na idadi yake ilipita milioni 15. Likafuata gari la Model A, ambalo liliundwa hadi mwaka 1931. Kwa wingi huo, magari yaliyokwisha tumika yalipatikana kwa bei ndogo, na vipuri vyake vilirundikana katika mabanda ya chuma chakavu. Kisha, mwaka 1929, uchumi wa Marekani ukaanguka vibaya, na vijana wengi hawakuwa na uwezo hata wa kuota gari jipya.

Basi wakanunua machakavu. Na kwa kuwa hawakuwa na fedha za kununua nguvu, walianza kwa kupunguza uzito. Waliondoa madigadi, wakaondoa boneti, wakaondoa paa na kila kitu ambacho gari lingeweza kwenda bila ya kuwa nacho. Kwa hiyo ule uchi wa gari unaouona katika picha haukuanza kuwa pambo. Ulikuwa ni hesabu ya maskini: gari jepesi hukimbia zaidi kwa injini ile ile.

Mahali pao pa kushindania palikuwa jangwani, katika maziwa yaliyokauka ambayo ardhi yake ni sawasawa kama sakafu. Maarufu katika hayo lilikuwa Muroc, kaskazini ya Los Angeles. Mwaka 1937 vilabu vya vijana hao viliungana vikaunda chama cha kusimamia upimaji wa mwendo, ambacho hujulikana kwa herufi SCTA. Baadaye jeshi lilichukua eneo la Muroc, na leo ni kituo cha ndege za kijeshi kiitwacho Edwards. Mashindano yakahamia ziwa kavu la El Mirage, na tangu mwaka 1949 yakaenda pia katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, katika jimbo la Utah.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, vijana wengi walirudi nyumbani wakiwa wamejifunza jeshini kazi za mitambo, na ufundi huu ukaenea kwa kasi. Mwezi Januari 1948 likatoka gazeti lao, Hot Rod, na mhariri wake Wally Parks akaanzisha mwaka 1951 chama cha NHRA. Shabaha mojawapo ya chama hicho ilikuwa kuwaondoa vijana katika mashindano ya barabarani na kuwapeleka katika viwanja vyenye taratibu na wasimamizi. Jambo hilo nilimkazia sana mpwa wangu: hata katika nchi ulikozaliwa mchezo huu, wazee wake walitambua mapema kwamba barabara ya watu wote si uwanja wa kujaribia nguvu za mtu mmoja.

NGUVU ILIFIKA KABLA YA BREKI

Sasa tuingie katika kiini cha shauri letu.

Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari lenye injini ya V8, yaani silinda nane zilizopangwa nne nne kwa umbo la herufi V. Injini za namna hiyo zilikuwapo kabla ya hapo, lakini katika magari ya matajiri. Ford waliweza kuisubu kwa kipande kimoja cha chuma, hivyo ikawa rahisi kuiuza kwa mtu wa kawaida. Ilikuwa na nguvu za farasi 65, ilhali ile ya Model A yenye silinda nne ilikuwa na 40 tu. Kufikia mwaka 1949 injini ya ukoo huo huo ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu 100.

Hapo ndipo mafundi wa nyumbani walipoona mlango umefunguka. Walichukua bodi nyepesi ya Model A, wakaiweka juu ya fremu ya mwaka 1932, ambayo ilitengenezwa tangu mwanzo kubeba V8, kisha wakatia injini hiyo. Mpaka leo, mtu anayeunda hotirodi kwa kufuata mila ya asili hupenda mchanganyiko huo kuliko mwingine.

Lakini sikiliza jambo hili. Magari ya Ford ya miaka hiyo yalikuwa na breki za vyuma. Ukikanyaga pedali, fito za chuma huvuta breki za kila gurudumu. Fito moja ikilegea kuliko nyingine, gari huvutwa upande. Wenzao Chrysler walikuwa wakitumia breki za mafuta tangu mwaka 1924, lakini Ford hawakuzikubali hadi magari ya mwaka 1939. Ubora wa breki za mafuta ni kwamba msukumo wa mguu hupita ndani ya mafuta na kufika katika kila gurudumu kwa kani ile ile.

Mafundi wale wa California hawakuwa wajinga. Magari ya mwaka 1939 na yaliyofuata yalipoanza kufika katika mabanda ya chuma chakavu, walizing'oa breki zake za mafuta wakazifunga katika magari yao ya kale. Hata leo fundi wa mila hiyo akikuta breki za Ford za kati ya mwaka 1939 na 1948 huzishika kama lulu. Wao walikwisha jua kwamba nguvu bila kizuizi ni balaa.

Na kuna hesabu hapa ambayo kila dereva angeijua pangepungua misiba. Ukiongeza mwendo mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Ukiongeza mara tatu, huwa mara tisa. Gari lililoundwa kusimama kutoka mwendo wa maili 40, ukalitia injini ya kulipeleka maili 80, umelidai breki zake kazi ya magari manne. Injini haitakuonya. Itakwenda tu, tena kwa mlio mtamu, hadi siku mtoto atakapokatiza barabara.

Nilimwambia mpwa wangu: "Mjomba, wewe umeanza kujenga nyumba kutoka paani."

Hapo akaacha kucheka.

TARATIBU YA KAZI

Je, mtu mwenye banda lake, vyombo vyake, na Jumamosi na Jumapili zake, huanzia wapi?

Kwanza huanza kwa kupanga, wala hachomelei kitu. Huweka fremu juu ya vitalu, akaifunga magurudumu anayoyakusudia, akaiweka bodi juu yake, na ndani akaweka bloku tupu la injini lisilo na vyuma vya ndani ili liwe jepesi kusogezwa. Kisha hurudi nyuma hatua kumi akatazama. Je, usukani utapita wapi? Je, miguu ya dereva itapata nafasi? Je, rejeta litagusana na feni? Kosa la inchi moja likigunduliwa sasa husahihishwa kwa kusogeza kitu. Likigunduliwa baada ya kuchomelea, husahihishwa kwa msumeno na machozi.

Pili ni fremu. Huipima kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, kama mwashi apimavyo msingi wa nyumba. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, iliwahi kupata ajali au imepinda kwa uzee, na hakuna rangi duniani itakayoficha jambo hilo gari likishika mwendo. Fremu hizo za kale zina umbo la mfereji uliofunguka upande mmoja. Fundi huongeza bamba la chuma kuufunga upande huo, hasa mahali ambapo injini itakaa, ili isijipinde.

Tatu ni ekseli ya mbele, usukani, springi, na breki. Ili gari likae chini, mila ni kutumia ekseli ya mbele iliyopindwa kwenye ncha zake, hata katikati yake ikashuka kwa inchi kadhaa, na huku nguvu yake ikibaki. Kuhusu breki nimekwisha sema, lakini naongeza neno. Breki za mafuta za mwaka 1939 zilikuwa na njia moja tu ya mafuta. Bomba moja likipasuka, pedali huzama na gari zima hukosa breki. Kwa sababu hiyo mafundi wengi wenye busara, hata wale washikao mila kwa meno, hufunga pampu ya breki yenye njia mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Kufuata mila si kuiga hata makosa yake.

Nne ndiyo injini, na hapa pana rutuba ya mafunzo. Ile V8 ya kale ina tabia ya kuchemka. Sababu yake ni ya kimaumbile: moshi wa moto unaotoka katika silinda hupitia ndani ya bloku, katikati ya njia za maji, kabla ya kutoka nje. Kwa hiyo maji yanayotakiwa kupoza hupashwa moto yenyewe. Tena ndani ya njia hizo hukutwa kutu ya miaka mingi, na hata mchanga uliobaki kiwandani wakati wa kusubu. Fundi mwenye haraka huongeza kabureta ya pili na kufurahi. Fundi mwenye subira huanza kwa kuchokonoa uchafu huo na kusafisha bloku, kisha hulipeleka likapimwe nyufa, kwani bloku hizo zina sifa ya kupasuka. Ukitia fedha katika bloku lenye ufa, umetia maji katika pakacha.

Kazi kama kuchonga silinda na kusawazisha mtaimbo wa injini hazifanyiki katika banda la nyumbani. Hupelekwa kwa mafundi wenye mashine. Hapana aibu katika hilo. Anayesema ameunda gari nyumbani hana maana kwamba kila chuma amekichonga kwa mkono wake. Maana yake ni kwamba yeye ndiye aliyejua kila chuma kilipotoka na kwa nini kimewekwa.

Tano huja bodi, ile kazi ambayo wengi hutaka kuianza. Kushusha paa huonekana rahisi: kata nguzo za madirisha inchi tatu, rudisha paa chini, chomelea. Lakini nguzo hizo hazikusimama wima. Zimeinama kuelekea ndani. Ukizikata, sehemu ya juu haikutani tena na sehemu ya chini. Sharti uzilaze nguzo, au ulipasue paa ulirefushe, na milango nayo ikatwe kwa kipimo hicho hicho, na vioo vikatwe upya. Kosa la kidogo tu, mlango haufungi daima.

Sita ni nyaya za umeme, ambazo katika magari hayo zilifunikwa kwa nguo na leo zimekauka kama majani. Hizo hazirekebishwi, hutolewa zote zikawekwa mpya, pamoja na fyuzi.

Na mwisho kabisa ni rangi. Fundi mwenye adabu huliendesha gari lake kwanza likiwa halina rangi ya mwisho, akasikiliza milio yake, akakaza panapolegea, kisha akalifungua tena lote ndipo akapaka. Naam, hulifungua tena lote. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo fundi hujulikana.

Mwaka 1950, katika maonyesho ya kwanza ya magari hayo mjini Oakland, tuzo ya gari zuri kupita yote ilitwaliwa na Bill NieKamp, kwa bodi ya Ford ya mwaka 1929 aliyoiweka juu ya fremu ya gari la Essex. Watu walidhani ni pambo la kutazamwa. Mwaka 1952 gari hilo hilo lilipelekwa El Mirage, likapita maili 140 kwa saa, yaani zaidi ya kilometa 225. Uzuri wake haukuwa wa juu juu.

BANDA NALO NI SEHEMU YA NYUMBA

Ukurasa huu ni wa familia, kwa hiyo sitaondoka bila kuyasema haya. Banda la fundi wa nyumbani liko hatua chache kutoka jikoni, na watoto hawajui mpaka.

Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Weka stendi za chuma, kisha litikise gari kabla ya kuingia.

Usichomelee tangi lililowahi kuwekwa petroli, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Kinacholipuka ni mvuke, wala hauonekani.

Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua mtu akidhani anasinzia.

Vumbi la breki za kale usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu, kwa kuwa lining nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi hilo hukaa mapafuni. Hali kadhalika, mafundi wa zamani walijaza mabonde ya bodi kwa risasi iliyoyeyushwa. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Osha mikono, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za mtoto.

NILIYOJIFUNZA KWA HASARA

Ewe msomaji, unaweza kuuliza mimi nimepata wapi ujasiri wa kufundisha. Nimeupata katika kushindwa.

Mwaka 1984 nilinunua Peugeot 404 iliyochakaa, nikaiegesha uani. Sikutaka kuifanya hotirodi. Nilitaka iende sokoni na kurudi. Nilikuwa na ari kubwa. Katika Jumapili mbili nilikwisha ifungua yote, na nati na bolti zote nikazitia katika debe moja. Debe moja, ndugu msomaji! Sikuandika, sikuweka alama, sikuchora. Nilijisemea, "Nitakumbuka."

Miezi mitatu baadaye sikukumbuka hata nusu. Nikaanza kununua bolti mpya kwa fedha za nyumba, kidogo leo, kidogo kesho, bila kusema. Jioni moja mama watoto alisimama mlangoni akaniuliza kwa upole, "Baba watoto, gari hili linakula chakula cha nani?" Sikuwa na jibu. Ada ya shule ya mwanetu wa pili ilikuwa haijalipwa, na mimi nilikuwa nimeshika kabureta mkononi.

Mwaka uliofuata niliuza kila kitu kwa uzito wa chuma. Fedha niliyopata haikufikia theluthi ya niliyotumia. Lakini somo lile sikuliuza.

Kwa hiyo nilimpa mpwa wangu masharti matatu ambayo hakuna kitabu cha ufundi kinachoyaandika. La kwanza, fedha za gari ziwe na kopo lake, na mke wake ajue kilichomo ndani. Kopo likiwa tupu, kazi husimama. Haikopi kutoka kopo la unga. La pili, kila kinachofunguliwa kiwekwe katika mfuko wake, kiandikwe jina, na siku hizi ambapo kila mtu ana simu yenye kamera, kipigwe picha kabla ya kuguswa. La tatu, kabla ya kukata chochote, aende kwa mkaguzi wa magari akaulize kama badiliko analolitaka litakubaliwa barabarani. Heri kukataliwa ukiwa bado una gari zima.

Tena nilimsihi asiifanye kazi hiyo kuwa siri ya wanaume. Huko California, mwanzoni kabisa mwa chama kile cha mwaka 1937, alikuwapo mwanamke jina lake Veda Orr, aliyeendesha gari lake mwenyewe katika maziwa makavu akishindana na wanaume. Vita vilipowachukua vijana, ni yeye aliyeshika kazi ya kuandika jarida la habari la chama na kuwapelekea wanachama waliokuwa majeshini, ili wasipoteze mawasiliano na wenzao. Walipotoka vitani walikuta uzi haujakatika. Nyumba yenye mradi wa namna hii ina nafasi kwa kila mtu: mwenye macho mazuri asome vipimo, mwenye mwandiko mzuri aandike majina ya vipuri, na mwenye subira awafundishe wengine.

MWISHO WA HABARI

Jumapili iliyopita nilipita kwa mpwa wangu bila kumwarifu. Ile injini kubwa nimeikuta chini ya mwembe, imefunikwa turubai, imekaa juu ya tairi kuukuu. Haijaguswa. Kigari chenyewe kilikuwa juu ya stendi nne za chuma, magurudumu yote yametolewa. Yeye alikuwa amelala chini akifunga bomba jipya la breki, na kando yake binti yake wa miaka tisa ameketi juu ya kigoda, akiandika kwa kalamu ya wino juu ya vimfuko vidogo vya nailoni: "Mbele kushoto." "Mbele kulia."

Nikamwuliza yule mtoto, "Gari la baba litakwenda lini?"

Akanijibu bila kuinua kichwa, "Babu, kwanza lisimame."

Sikuwa na la kuongeza. Mkaguzi amemwambia mpwa wangu arudi na michoro yake kwanza, na huenda injini ile asiruhusiwe kuitia. Amekubali. Ameniambia kwamba hata ikiwa hivyo, atakuwa na gari dogo lenye breki ambazo hajapata kuwa nazo maishani, na mtoto anayejua kazi ya kila spana.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakitazama vyombo baharini, lakini maneno yao yanalitosha hata gari la kale la California. Tunaloliona katika picha ni mng'aro na mlio. Tusiloliona ni fremu iliyopimwa mara tatu, bomba la breki lililokazwa usiku, na nyumba iliyokubali kungoja.

Ikiwa nawe una chuma uani, kitazame leo jioni kwa jicho hilo. Hadi Jumapili ijayo, nakutakia kazi njema na salama.